Rangi ni Amana

Usharika wetu ulipoamua kuchapa kitabu cha jubilei, Baraza la Wazee lilitupa bajeti na sharti moja: jalada liwe la rangi, kurasa za ndani ziwe nyeusi na nyeupe. Sababu ilikuwa fedha tu. Kuchapa kwa wino wa rangi moja ni nafuu kuliko kuchapa kwa wino wa rangi nne, na kitabu cha bei kubwa hakimfikii bibi anayekaa mtaa wa mwisho wa usharika. Hatukuwa na ubishi na hilo. Ubishi ulianza tulipojiuliza: hizi picha mpya tutakazopiga mwaka huu, tuziweke nyeusi na nyeupe palepale kwenye kamera, au tupige kwa rangi kisha tuzigeuze baadaye?

Kamati ilikuwa ya watu watano: mchungaji anayeandika haya, mwinjilisti, mwalimu mstaafu wa kwaya ambaye ujanani alifanya kazi katika studio ya picha, na vijana wawili, wa kike na wa kiume, wanaojipatia riziki kwa kupiga picha za harusi. Tulifanya kazi pamoja mwaka mzima, na mengi tuliyojifunza tulijifunza tukiwa tumeketi meza moja. Ndiyo maana hapa tunasema "sisi".

Mpendwa msomaji, unaweza kudhani hili ni jambo la mafundi na halina nafasi katika kitabu cha imani. Lakini ukilifuatilia utakuta linauliza jambo ambalo kila Mkristo huulizwa: kipi tuna haki ya kukitupa, na kipi tumepewa tukitunze kwa ajili ya wengine?

Tuanze na kamera yenyewe. Ndani ya kamera ya kidijitali, na ndani ya simu pia, kuna kibamba kidogo kiitwacho kihisi, chenye mamilioni ya vijishimo vya kupokea mwanga. La kushangaza ni kwamba vijishimo hivyo havijui rangi. Kila kimoja kinahesabu mwanga ulioingia, mwingi au kidogo, basi. Ili rangi ipatikane, juu ya kila kijishimo huwekwa kichujio kidogo mno: chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer, mtafiti wa kampuni ya Kodak ya Marekani, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya bluu. Kisha kamera hulinganisha kila kijishimo na majirani zake, ikakadiria rangi kamili ya kila nukta.

Kwa hiyo, hata ukiiambia kamera ya kawaida ipige nyeusi na nyeupe, mwanga bado unapita kwenye vichujio vilevile vya rangi. Zipo kamera chache zilizotengenezwa bila vichujio hivyo, kama Leica M Monochrom iliyotoka mwaka 2012, lakini hizo ni adimu na ni ghali, si za usharika kama wetu. Kwa kamera zetu tofauti iko katika hatua inayofuata. Ukihifadhi picha kwa mfumo wa JPEG, ambao ndio wa kawaida kwenye kamera nyingi, kamera hugeuza rangi kuwa kijivu cha viwango mbalimbali, huandika faili, kisha hutupa rangi. Haibaki popote. Ukihifadhi faili ghafi, yaani taarifa zote za kihisi kabla hazijapikwa, ule weusi na weupe unaouona kwenye kioo cha nyuma ni mwonekano tu. Rangi zote zimo ndani.

Swali letu basi lilikuwa hili: nani atupe rangi, na lini?

Mwalimu wa kwaya alitetea kuamua mapema, na hoja zake zilikuwa na uzito. Katika studio walitumia mikanda ya picha 36. "Ukishaweka mkanda wa nyeusi na nyeupe asubuhi," alituambia, "umeamua mpaka picha ya mwisho. Hapo macho yako yanaacha kufuata nguo nzuri, yanaanza kutafuta mwanga." Hakuishia kwenye maneno. Jumamosi moja, saa moja asubuhi, alituingiza kanisani kabla ya mazoezi ya kwaya, akamwambia yule kijana wa kiume aweke kamera yake kwenye nyeusi na nyeupe asiibadilishe. Katika nusu saa tukaona kijana anabadilika. Aliacha kupiga mapambo ya madhabahu. Akaanza kupiga mikono ya mama anayefuta mabenchi, na mwanga wa dirisha la mashariki jinsi unavyolala kwenye vidole vyake. Aliona alichokuwa anapita kila Jumapili.

Hoja yake ya pili ilitugusa zaidi. Alitandika mezani albamu mbili za usharika. Ya kwanza ilikuwa na picha za miaka ya 1960, zama zile makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana, mwaka 1963, kuwa Kanisa letu moja la KKKT. Zote nyeusi na nyeupe, na zote zingali safi: unaweza kuhesabu vifungo vya koti la mwinjilisti. Ya pili ilikuwa ya rangi, ya miaka ya 1970 na 1980. Picha zilikuwa zimewiva wekundu kama udongo. Anga jekundu, majani ya migomba mekundu, bibi harusi amevaa gauni la waridi ambalo kila mtu anajua lilikuwa jeupe. Sababu ni kwamba picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe imejengwa kwa fedha, ile madini, nayo ikisafishwa vizuri hudumu. Picha ya rangi imejengwa kwa dawa za kutia rangi, ambazo hupauka kwa joto na mwanga, na hazipauki zote kwa kasi moja. "Mnasema mnatunza rangi," Mwalimu alituuliza. "Rangi yenyewe iko wapi?"

Hatukuwa na jibu la haraka.

Vijana walijibu kwa jaribio. Siku ya Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, mwishoni mwa Oktoba, walisimama bega kwa bega na kamera mbili za aina moja. Mmoja alipiga JPEG ya nyeusi na nyeupe, mwingine alipiga faili ghafi. Kama mjuavyo, siku hiyo rangi ya kanisa ni nyekundu, na mchungaji alivaa stola nyekundu. Kwaya kuu ilikuwa na sare ya kijani. Katika picha ya JPEG, stola na sare zilitoka kijivu kilekile. Ungedhani mchungaji ameshonewa na kwaya.

Si kwamba kamera ilikuwa mbovu. Jicho letu hutenganisha nyekundu na kijani kwa sababu ni rangi mbili. Ukiondoa rangi, kinachobaki ni kiasi cha mwanga, na nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea vinaweza kuwa na mwanga sawa kabisa. Kila mtengenezaji ana hesabu yake ya kugeuza. Hesabu moja ya siku nyingi, iliyotoka kwenye televisheni, hutwaa karibu 59% ya mwanga kutoka kijani, 30% kutoka nyekundu na 11% kutoka bluu. Kamera inayogeuza palepale hufuata hesabu yake, haiulizi kama leo ni Pentekoste au ni Jumapili ya kawaida baada ya Utatu.

Kwenye kompyuta, binti yetu alifungua faili ghafi, akaongeza uzito wa nyekundu na kupunguza wa kijani. Stola ikang'aa, sare ya kwaya ikazama, mchungaji akaonekana peke yake kati ya waimbaji. Mwalimu aliangua kicheko. "Hicho ndicho kioo chekundu nilichokuwa nafunga mbele ya lenzi!" Ni kweli. Zamani kioo cha njano au chekundu mbele ya lenzi kilitia giza anga la bluu ili theluji ya Kibo ionekane. Kamera nyingi za leo zina vioo hivyo kwa kuiga, hata zikipiga nyeusi na nyeupe. Lakini kioo hicho unakichagua kabla ya kubonyeza. Ukiwa na faili ghafi, unaweza kukichagua ukiwa umeketi na kuona nani amefunikwa.

Na aliyefunikwa mara nyingi ni sisi wenyewe. Ngozi zetu za kahawia hurudisha nyekundu nyingi kuliko bluu. Ukigeuza picha kwa kuegemea upande wa bluu, nyuso zinakuwa nyeusi ti, hazina mikunjo wala tabasamu. Ukiegemea nyekundu, zinapata nuru. Binti alitufanyia hivyo kwa picha ya vijana wa Kipaimara: mashati meupe yamedanganya kipimo cha kamera, nyuso zimeingia gizani. Kutoka kwenye faili ghafi nyuso zilirudi, hadi tukamtambua mtoto aliyekuwa analia kwa furaha mstari wa nyuma. Kutoka kwenye JPEG hazikurudi vizuri. JPEG ina ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Faili ghafi la kamera ile lina ngazi 16,384.

Jambo hilo la ngozi lilitukumbusha picha za zamani zaidi, zile za wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Picha za misheni hiyo zimetunzwa, na nyingi zimewekwa kwenye mtandao katika hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Tulizitafuta kwa ajili ya sura ya kwanza ya kitabu. Wapiga picha wa zama zile walitumia sahani za kioo, na sahani nyingi za wakati huo hazikuhisi nyekundu hata kidogo. Zilihisi bluu kupita kiasi. Ndiyo maana mara nyingi anga hutoka jeupe, na theluji ya mlima ikapotea ndani yake. Shanga nyekundu hutoka nyeusi. Na nyuso za babu na bibi zetu katika baadhi ya picha ni kama vivuli vilivyovishwa nguo nyeupe.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Sahani haikuwa na jicho la kuiona nyekundu iliyomo katika ngozi ya Mchaga au Mmeru. Lakini kilichokosekana siku ile kimekosekana hadi leo, wala hakuna fundi wa kukirudisha. Tulizitazama kimya. Mwinjilisti wetu alisema tu, "Wazee hawakuwa weusi hivi. Hawakuonekana."

Hapo ndipo hoja iliacha kuwa ya kamera.

Ilikuja na jambo la karibu zaidi. Mzee mmoja wa kanisa na mkewe walibarikiwa madhabahuni walipotimiza miaka 50 ya ndoa. Watoto wao walikodi mpiga picha kutoka mjini. Yeye, kwa nia njema ya kuzipa picha sura ya kale, aliweka kamera kwenye nyeusi na nyeupe, akahifadhi JPEG peke yake. Picha zilikuwa nzuri, tukaomba moja kwa ajili ya kitabu. Miezi minne baadaye mzee alilala katika Bwana, akazikwa na shati lilelile la kitenge alilovaa siku ya baraka.

Matanga yalipoanuliwa, mama alikuja ofisi ya usharika. Baada ya shikamoo na marahaba, alisema, "Baba Mchungaji, naomba ile picha yetu. Ila mnipe ile yenye rangi." Akatueleza kwamba alinunua kitenge mwenyewe sokoni, na fundi mmoja aliwashonea wote wawili kutoka pande moja, yeye gauni na mumewe shati. Katika miaka 50 ilikuwa mara ya kwanza kuvaa sare. Tulimpigia simu mpiga picha, naye akatafuta kwa bidii. Hakuna. Kamera haikuandika rangi.

Kijana wetu, kwa kumhurumia, alitumia programu ya kutia rangi picha za zamani. Kazi ilikwisha kwa dakika chache. Shati likatoka la bluu, na gauni la kitenge kilekile likatoka la hudhurungi. Programu hizo hujifunza kutoka kwenye picha nyingi ni rangi gani hutokea mara nyingi, kisha hukisia. Kwa ngozi na majani hukaribia kweli. Kwa kitenge hazina pa kushika, kwa maana kijivu kimoja kinaweza kuwa kimetoka kwenye kijani, nyekundu au zambarau. Mama aliishika karatasi muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, umefanya kazi, Mungu akubariki. Lakini huyu si baba yao. Mmempa shati la mtu mwingine."

Jumapili iliyofuata alileta gauni lake, akalitandika mezani kando ya picha. Kijani cha jani la mgomba, na maua ya manjano. "Ninyi andikeni tu," akasema. Ndivyo tulivyofanya. Katika kitabu, chini ya picha yao ya nyeusi na nyeupe, tumeandika kwamba wamevaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, cha pande moja. Hakuna picha nyingine kitabuni yenye maelezo ya nguo. Picha ile iliyotiwa rangi na programu hatukuichapa.

Kutoka kwenye rangi kwenda kwenye kijivu njia ziko nyingi, nawe unaweza kuijaribu kila moja na kurudi mwanzo. Kutoka kwenye kijivu kwenda kwenye rangi hakuna njia, ila kwa kukisia au kwa shahidi aliyekuwepo. Na mashahidi wanazeeka.

Sisi wachungaji tunapaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa sababu tunashika vitabu vya usharika. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mwingine, familia ilileta ombi la kumzika mama yao. Kitabu kilifunguliwa. Mbele ya jina lake palikuwa na neno moja: ametengwa. Hapakuwa na sababu, tarehe, wala maelezo kama alirudi kundini. Aliyeandika alikwisha kufariki. Mwili uko mochwari, watoto wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi, na wazee wamegawanyika juu ya neno moja. Ilichukua siku mbili kumpata mwimbaji mwenzake wa zamani aliyeshuhudia akipokelewa tena mbele ya madhabahu, katika usharika wa jirani alikokuwa amehamia. Alizikwa na kanisa lake, kwa wimbo na kwa Neno. Lakini zile siku mbili watoto wake hawatazisahau.

Neno lile lilikuwa picha ya JPEG. Halikuwa uongo: siku lilipoandikwa lilikuwa kweli. Lakini mwandishi alitupa kila kitu kingine kilichokuwa kweli siku ileile, huzuni yake, maelezo yake, na mlango ulioachwa wazi. Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo sote tuliisoma tukijiandaa kwa Kipaimara, inatufundisha katika amri ya nane kwamba haitoshi kutomsingizia jirani. Tunapaswa pia kumtetea na kuyapokea mambo yake kwa namna iliyo njema. Utawezaje kumtetea mtu ikiwa umebaki na kijivu chake tu?

Mtu atasema: je, basi tusiamue kamwe? Tuweke kila kitu, tuahirishe kila jambo? Hapo tunarudi kwa Mwalimu, maana naye alikuwa na haki. Vijana wetu walikuwa na picha zaidi ya elfu moja za mwaka ule, hazijachaguliwa. "Asiyechagua hajapiga picha," Mwalimu aliwaambia, "amekusanya." Yapo mambo ambayo kuyaahirisha ni kuyakana. Hakuna anayeoa kwa majaribio akisema ataamua baadaye kama ile ilikuwa ndoa. Hakuna anayesamehe kwa kusubiri aone kwanza. Linapohusu utii wetu sisi wenyewe, imani inatutaka tuamue mapema na tusimame hapo, kama mtu aliyekwisha kuweka mkanda kwenye kamera. Linapohusu kumbukumbu ya mwenzetu, hatuna mamlaka hayo.

Hata mahubiri yanatufundisha hivyo. Kila Jumapili mchungaji husoma somo refu, kisha huchagua jambo moja la kusema. Lazima achague. Mahubiri yanayosema kila kitu hayamfikii mtu. Lakini akimaliza, Biblia inabaki juu ya madhabahu ikiwa nzima, haijapungua neno. Somo lilelile litarudi, na mhubiri mwingine ataona kile ambacho yeye hakukiona. Ole wa kanisa ambalo mchungaji wake, baada ya kuhubiri, angechana zile aya ambazo hakuzitumia. Bwana wetu mwenyewe, katika Yohana 6:12, baada ya maelfu kushiba, aliwaagiza wanafunzi waviokote vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Watu walikuwa wameshiba, lakini hata makombo yalikuwa na mwenyewe.

Kutunza yote si kuonyesha yote. Tunazo picha za misiba ambazo hatutazichapa kamwe, na yapo maungamo ambayo mchungaji haandiki mahali popote. Upendo hujua kufunika. Lakini kufunika ni tofauti na kuharibu, na Mungu anayeiona mioyo yetu, na kila rangi iliyomo, hakuona sababu ya kututupa.

Basi tuliamua hivi, na tunaliandika kwa ajili ya sharika nyingine zinazojiandaa kwa jubilei. Kamera ziliwekwa zionyeshe nyeusi na nyeupe kwenye kioo cha nyuma, ili mpiga picha aone mwanga kama Mwalimu alivyotufundisha. Wakati huohuo zilihifadhi faili ghafi, ili rangi isipotee. Kwa njia hiyo tulichagua mapema kwa macho yetu, lakini hatukuchagua kwa niaba ya wengine. Kwa wale wanaotumia simu, ushauri ni mwepesi zaidi: piga kwa rangi kama kawaida, tengeneza nakala, ugeuze ile nakala, na picha ya kwanza usiiguse.

Uamuzi huu una gharama. Mafaili ghafi ni makubwa, memori kadi zilijaa upesi, na ilibidi tununue hadi diski mbili. Na swali la Mwalimu juu ya albamu nyekundu lilipata jibu hapo. Wahenga wanasema akiba haiozi, lakini albamu ile imetuonyesha akiba iliyooza ndani ya kabati. Kwa hiyo nakala moja iko ofisi ya usharika na nyingine iko mbali, nyumbani kwa mhasibu wetu, ili moto au mwizi asichukue zote. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Majilio, mtu aliyeteuliwa huzifungua kuhakikisha bado zinasomeka. Na kwa kila picha tumeandika majina, tarehe, na pale penye uwezekano, rangi za nguo kwa maneno, kwa kuwa maneno hayahitaji umeme. Picha bora arobaini tumezichapa pia kwenye karatasi.

Wale watakaoandika kitabu cha miaka mia moja ya usharika huu hatuwajui. Labda wengine ni watoto tuliowabatiza mwaka huu. Watakuja na maswali ambayo sisi hatujayawaza, na watamtafuta mtu ambaye sisi tulimpita bila kumwona, katika kona ya picha, nyuma ya kwaya. Tumewaachia nyuso, majina na rangi zote. Cha kuonyesha watachagua wao.